Waya wa Mita Thelathini

Bungoma
4 Agosti 2025

Baba Emmy,

Bwana asifiwe. Sisi huku tuko wazima. Mvua imetunyeshea vizuri, na kanisani tumemaliza paa, ingawa fundi alitaka kutuachia upande mmoja wazi na kwenda zake. Shemeji yako Sifuna anakusalimu. Amenunua pikipiki ya pili na ukimuuliza ataziendesha vipi zote mbili anacheka tu. Mwambie mkeo Nabwile dawa zangu za presha ninazo, na aache kunipigia simu kila jioni kuuliza kama nimemeza. Kwani mimi ni mtoto wake? Mbusu Emmy kwa niaba yangu.

Najua umeshangaa kukuta barua ndani ya trei ya mayai. Nambari yako ya simu ninayo, mkwe wangu. Lakini mimi na wewe hata kwa mkono hatusalimiani, sasa sauti yako niiweke ndani ya sikio? Hapana. Na jambo lenyewe ni la kazi, siwezi kumtuma Nabwile kama mtoto anayetumwa chumvi dukani. Ofisini kwa idara ya mifugo niliandika barua miaka yote na kazi ikaenda, kwa hivyo nimechukua kalamu.

Jambo ni hili. Nilipostaafu nilichukua kiinua mgongo changu nikanunua mashine ya kuangua vifaranga, ile kubwa ya mayai elfu moja. Watu walisema nimechanganyikiwa. Sasa yule mwenye duka la dawa za mifugo aliyekuwa akichukua vifaranga wangu wote amenigeuka, analetewa wengine kutoka mbali kwa bei ya kutupa. Wangu wanakulia hapa nyumbani na chakula chao kinanimaliza. Kuna bwana mmoja wa Webuye amekuja kuiangalia mashine kama naiuza. Nilimpa chai.

Siuzi. Nataka watu wanunue kwangu moja kwa moja, na watu siku hizi wako kwa simu. Nataka video sita, na sitaki zile za mtu kushika simu mkono ukitetemeka. Hiyo ndiyo kazi yako. Niandalie bajeti, na usinifanyie ya ukwe. Nipe ile unayompa mtu usiyemjua. Ziwe tayari kabla ya Krismasi, maana hao wa Nairobi wakija likizo ndipo wanapoingiwa na hamu ya kufuga.

Agneta Wakhungu


Kitale
19 Agosti 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Mayai yalifika, mawili tu yalipasuka, na Emmy amekataza tusile moja ambalo anasema lina mtoto ndani. Nabwile yuko zamu za usiku kule zahanati ya Endebess, anakuja asubuhi na kulala na viatu. Mama yangu Wacuka anakusalimu kutoka shambani kwake huko Kwanza. Mahindi yake yamempita urefu na anatembea shambani akijisifu peke yake.

Mama, nimefurahi sana kupata barua yako. Siku ya mahari kuna mzee wa kwenu aliuliza kama kupiga picha ni kazi ama ni mchezo. Sijamsahau. Nipe nafasi hii uone.

Jumla ni shilingi elfu sabini, na nitakueleza zinakokwenda ili usidhani nakuchota. Kwanza nitakuja kuona mahali na kuandika muswada, yaani maneno utakayosema na kitakachoonekana ukiyasema. Video isiyo na muswada ni kama kwenda sokoni bila kujua unanunua nini. Kuna kukodi taa na kipaza sauti cha kubana kwenye nguo, kwa sababu mtu huvumilia picha mbaya lakini sauti mbaya anakimbia. Uhariri ni elfu nne kwa kila video, hapo ndipo kazi kubwa ilipo. Muziki lazima tuulipie haki yake. Kuna usafiri, chakula cha mchana elfu tatu, na elfu sita za dharura. Halafu elfu kumi na mbili za kulipia matangazo mtandaoni. Wengi husahau hizo. Mtu anapika chakula kizuri halafu hamwiti mtu.

Utaona kwamba siku mbili za kupiga kamera hazina malipo. Kipyegon, msaidizi wangu, ana shughuli kidogo siku hizi, kwa hivyo mpiga kamera nitakuwa mimi mwenyewe, na hapo nimekupunguzia.

Wako,
Gathii


Bungoma
27 Agosti 2025

Baba Emmy,

Bwana asifiwe tena. Huku tumezika jirani, mzee mwema, na mazishi yalikuwa na hotuba nyingi kuliko chakula. Kifua kilinibana kidogo kwa baridi lakini kimeachilia, usimwambie Nabwile.

Bajeti nimeipitia kwa kalamu nyekundu na nimekurudishia. Imeandikwa vizuri. Nimeona watu wenye digrii wakileta bajeti za idara ambazo hata jumla haikubali.

Chakula cha mchana nimekifuta. Mkwe anakuja kwangu na chakula chake? Nikionekana barabarani nitasema nini? Kuku watachinjwa, na wewe utakula kwa Sifuna kama kawaida yetu, mimi nisikuone ukitafuna wala wewe usinione. Elfu tatu hizo ni tusi ingawa najua hukukusudia.

Dharura sijaielewa. Dharura gani? Kuku wangu wote wamechanjwa. Lakini nimeiacha.

Muziki, sawa. Matangazo, sawa, hapo umenifungua macho.

Mpiga kamera, hapana. Weka mtu mwingine na umwekee malipo yake. Nitalipa.

Agneta Wakhungu


Kitale
21 Septemba 2025

Mama,

Salamu. Samahani barua imechelewa, nilikuwa na kazi. Emmy alikuwa na homa, amepona. Nabwile mzima. Mvua bado ipo.

Nimesoma bajeti yako na ile kalamu nyekundu. Mama, nitasema kwa heshima yote, lakini nitasema. Nimepiga harusi zaidi ya mia moja katika Trans-Nzoia hii. Nimepiga kampeni za watu wakubwa, na shule tatu zinatumia video zangu kutafuta wanafunzi. Wewe mwenyewe umeandika nikupe bajeti ya mtu nisiyemjua. Mtu nisiyemjua hunipa kazi na kuniacha nishike kamera yangu. Kama unaona siwezi, ni afadhali uniambie, kuliko kuniambia niwalipe wengine wafanye ninachokijua.

Kuongeza mpiga kamera ni kuongeza elfu kumi bila sababu. Kazi yangu ni kukulinda usitupe pesa. Nimeirudisha bajeti ilivyokuwa, isipokuwa chakula.

Gathii


Bungoma
29 Septemba 2025

Baba Emmy,

Pole kwa homa ya mtoto. Mpe uji wa wimbi.

Sijasema huwezi. Nimesema mtu mwingine. Kuna mambo mama mkwe haandiki kwa karatasi. Muulize mwenzako.

Bwana wa Webuye amekuja tena. Alikuja na futi ya kupimia, akapima mashine na kusema itapita mlangoni kwake. Nilimpa chai, lakini bila mkate.

Agneta Wakhungu


Kitale
8 Oktoba 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu nikiwa nimeinamisha kichwa. Emmy yuko sawa na uji ameumaliza. Mama Wacuka ameanza kuvuna, anauliza kama unataka magunia mawili ya mahindi kwa ajili ya kuku, kwa bei ya jamaa.

Mama, nilimuuliza. Mimi mambo ya kazi huwa siyaleti mezani, kwa hivyo Nabwile hakuwa ameona bajeti hata siku moja. Nilimpa akiwa amesimama. Akasoma, akafika pale nilipoandika "mpiga kamera: mimi mwenyewe", akakaa chini. Nikadhani ameumwa. Kumbe ni kicheko.

"Gathii bana! Ati siku mbili unamwangalia mama usoni? Tena umvute karibu na hiyo lenzi hadi uone kope?"

"Lakini kamera si itakuwa katikati?"

"Na jicho lako litakuwa wapi, Endebess?"

Mama, nilikuwa najua sikupi mkono. Nilikuwa najua sili mbele yako, na nikikuona njiani napisha. Nimeyafanya yote miaka mitano bila kukosea. Lakini nyumbani kwetu Kwanza mama mkwe husalimiwa kwa mkono na kuvutiwa kiti, na kamera nimeishika muda mrefu hadi sioni tena kwamba nayo ni kuangalia mtu. Mimi hapo niliona taa na kivuli tu. Nimeona aibu, na nimeona pia kwamba ulinivumilia.

Kuhusu Kipyegon, ukweli ni kwamba alipata kazi Eldoret tangu Juni. Niko peke yangu. Sikutaka uone studio ya mkwe wako ina mtu mmoja.

Sasa bajeti mpya. Kuna msichana hapo Bungoma anaitwa Sandra, hupiga harusi na mkono wake ni mtulivu. Ni elfu kumi kwa siku mbili. Lakini siwezi kumwachia kazi bila kuiona, hiyo itakuwa kukuibia. Kwa hivyo nimeongeza waya mmoja, shilingi elfu nne na mia tano. Waya wa kawaida ukizidi mita chache picha inakatika, huu ni maalum, wa mita thelathini. Vile vifaa vya kupeleka picha bila waya ni bei ya ng'ombe. Wewe utakuwa kwenye banda la vifaranga, Sandra na kamera mbele yako, na mimi nitakuwa ndani ya stoo ya mahindi upande wa nyuma nikiangalia kioo kidogo kinacholetewa picha na huo waya. Nitamwambia Sandra kupitia kifaa cha sikioni, yeye akuambie wewe. Jumla sasa ni elfu themanini na moja na mia tano.

Ninachoogopa ni kitu kimoja. Kukuona kwa kioo, je, ni kukuona?

Wako,
Gathii


Bungoma
13 Oktoba 2025

Baba Emmy,

Mahindi nataka magunia matatu. Mwambie Mama Wacuka bei ya jamaa ni jambo la kuzungumzwa, nitampigia mimi mwenyewe.

Ya Kipyegon nilikuwa najua. Nabwile akiwa na jambo moyoni hata kikohozi chake kinalisema.

Swali lako nilimpelekea dada yangu Phelista, maana kwa mambo ya desturi yeye hana mchezo. Alifikiri kidogo akasema mbona picha yako ya harusi iko ukutani sebuleni, nakunywa chai nikiiangalia kila siku na hakuna aliyekufa. Kwa hivyo kioo ni sawa. Stoo nitaifagia.

Waya nimeupitisha. Katika bajeti yote hiyo ndiyo pesa niliyotoa bila kuuliza swali.

Agneta Wakhungu


Kitale
10 Novemba 2025

Mama mpendwa,

Tulifika salama. Nabwile amekula kuku uliotufungia akasema mapishi ya Sifuna yameharibika tangu aoe. Emmy anataka kuja kuishi bandani.

Uhariri umeanza na video mbili za kwanza nimekutumia kwa simu ya Sifuna. Lakini kuna mambo uliyaona wewe ukiwa mbele na mimi niliyaona nikiwa stoo, na sijui kama ulijua. Wacha nikueleze.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia, kioo juu ya gunia lingine, na kuku mmoja anayeatamia alinikodolea macho siku nzima kama mlinzi. Siku ya kwanza ulisimama na muswada wangu, na Mama, ulikuwa kama mtu anayesoma waraka wa serikali. "Wafugaji wote mnajulishwa kwamba kifaranga bora..." Nikamwambia Sandra, Sandra akakuambia, "Mama, amesema utabasamu." Ukauliza, "Nani amesema?" "Mtu wa stoo." Ukajibu, "Mwambie mtu wa stoo hapa tayari natabasamu."

Siku ya pili mvua ikatushinda kabisa, ndiyo maana nilimlipa Sandra siku ya tatu kutoka kwa zile pesa za dharura. Sasa umeielewa dharura.

Siku ya tatu, saa kumi, wingu likaja tena kutoka upande wa mlima. Hatukuwa na video hata moja. Sandra alikuwa na harusi kesho yake. Nikakuona kwenye kioo umeinama, umekunja ule muswada, na ukasema jambo dogo kuhusu Webuye. Ulidhani umesema peke yako. Kipaza sauti kilikuwa kimebanwa kwenye kola yako. Sitaliandika ulilosema.

Sikuomba ruhusa, na sikupitia kwa Sandra. Nilipiga kelele tu kupitia kwa mbao za stoo:

"Mama! Mbona hao vifaranga wamejikusanya pale chini ya taa?"

Uligeuka ukaangalia ukuta. Miaka mitano na ndilo neno la kwanza tumeambiana kwa midomo yetu. Nilidhani utaondoka. Halafu ukasema, "Si ni baridi! Wakisongamana chini ya taa wanasikia baridi, wakiikimbia wamechomeka. Kwani wewe umekula mayai yangu miaka yote hii na hujui?" Ukachukua mmoja ukamweka kiganjani, ukaniambia nikuulize la pili.

Nikauliza. Niliuliza yote ambayo mtu wa Nairobi asiyejua kuku angeuliza, mengine ya kijinga kabisa, na wewe ukanijibu ukinicheka, ukielekea ukuta wangu na kusahau kamera. Sandra, Mungu ambariki, hakuizima. Tulipomaliza mvua ilikuwa inagonga mabati na mimi nilikuwa nalia kidogo ndani ya stoo, nasema kweli. Kuku alikuwa shahidi.

Video zote sita zitakuwa hivyo, wewe na sauti ya mtu wa stoo. Muswada wangu nimeutupa. Pesa yake sikurudishii, kwa sababu ndio uliotuonyesha kisichofaa.

Wako,
Gathii


Bungoma
6 Januari 2026

Baba Emmy,

Bwana asifiwe, na heri ya mwaka mpya. Krismasi tulikuwa wengi hadi watu wakala kwa zamu. Mahindi ya Mama Wacuka ni mazuri, na bei tuligombana vizuri tukaishia kucheka. Sasa ananipigia kila Jumapili baada ya ibada.

Sikukujibu mapema kwa sababu sikuwa na mkono wa kushika kalamu. Simu ndiyo iliyoushika. Wiki ya kwanza baada ya video kutoka walipiga watu wanne, nikasema basi, elfu themanini na moja zimekwenda na maji. Halafu yale matangazo uliyolipia yakaanza kufika mahali. Mwalimu wa Kimilili. Kikundi cha akina mama cha Malaba. Hao wa Nairobi walipokuja likizo walikuwa tayari wananijua, wanasimama langoni wanasema, "Ndiye huyu!" Nimeandikisha vifaranga hadi Aprili. Mashine haijapoa. Yule mwenye duka la dawa amemtuma mtu aniulize bei, na nimemtajia ile ya kila mtu.

Bwana wa Webuye alikuja mara ya tatu. Nilimwona akishuka na pickup nikaenda kusimama mbele ya mlango wa mashine. Kumbe ameona video. Alichukua vifaranga mia mbili, akalipa pale pale, na siku hiyo nilimpa chai na mkate na mayai.

Ulikataa kuandika nilichosema siku ile, na nakushukuru. Nitakiandika mwenyewe. Nilisema, "Afadhali nimpigie yule wa Webuye aje aichukue, nimechoka kuchekwa." Nilikuwa nimekata shauri, mwanangu. Kama usingeita ningempigia jioni hiyo hiyo. Nilijua umesikia, kwa sababu sauti yako ilitoka kama ya mtu anayezuia mlango usifungwe.

Yule mzee aliyeuliza siku ya mahari kama kupiga picha ni kazi, nilimpata kwenye mazishi wiki jana. Nilimjibu. Nilimjibu mbele ya watu.

Sasa sikiliza. Nataka video nyingine sita, na uniandalie bajeti. Chakula usiandike. Dharura iwe elfu kumi. Sandra abaki, mtoto ana mkono. Lakini kuna jambo moja. Kila anayekuja hapa ananiuliza mtu wa stoo ni nani. Wengine wanadhani ni mume wangu, Mungu amrehemu, wengine ati ni mfungwa. Nimechoka kujibu. Nimeketi na Phelista na wazee wa hapa, na kwetu kuna njia yake. Utakuja na Nabwile na mtoto, utaniletea blanketi, na mimi nitachinja mbuzi. Nitajifunika hilo blanketi mbele ya watu, halafu nitakupa mkono. Kuanzia hapo tutasalimiana kama watu wengine, na utasimama bandani kando yangu uniulize yale maswali yako ya kijinga watu wakikuona. Blanketi ni juu yako, lisiingie kwenye bajeti yangu. Liwe zito.

Kwa hivyo ule waya mrefu uuondoe.

Mama